Ua la Milia

Kwanza tuelewane: Kitinda hakuwa mtu wa kulialia. Kazi yake haikumruhusu. Ukilia maabarani, mbele ya kabati la kukatia mimea, chozi likadondokea kwenye chupa, baada ya siku chache chupa imeota ukungu mweupe kama pamba, na hapo utamweleza nini mkuu wako? Kutwa nzima alikaa kwenye kiti kirefu, barakoa usoni, mikono imepanguswa kwa spiriti hadi ngozi imekakamaa, mbele yake darubini na taa ndogo ya moto, akikata vitu ambavyo mimi na wewe tukionyeshwa tutasema hatuoni kitu. Wenzake walimtania kwamba mikono yake haina mapigo ya moyo. Yeye aliwajibu kuwa mapigo huyaacha mlangoni, pamoja na viatu.

Kazi yenyewe ilikuwa ya viazi. Mbegu ya viazi ikipandwa mwaka baada ya mwaka huchoka kwa magonjwa, na magonjwa mengine hayana dawa ya kupulizia. Basi maabara huchukua chipukizi la kiazi kigonjwa, Kitinda akalimenya vijani vyake kimoja kimoja chini ya darubini, mpaka akaifikia ile ncha ya ndani kabisa, ambayo hung'aa kama tone la maji. Hapo ndipo mmea unapokulia. Ugonjwa husafiri ndani ya mirija ya mmea, na pale kwenye ncha mirija haijajengwa bado. Pana chembe changa tu zinazogawanyika bila kupumzika, hata ugonjwa hauwahi kuzifikia. Akiikata ncha hiyo peke yake na kuiweka kwenye chupa yenye chakula kama jeli, atapata mmea mzima kutoka kwa mama mgonjwa. Akikata kubwa kidogo, ataubeba na ugonjwa. Akikata ndogo mno, ncha itakauka kabla ya kujua kwamba imezaliwa.

Hayo aliyajua vizuri kuliko njia ya kwenda kwao.

Jina la Kitinda kwenye cheti halituhusu. Nyumbani walimwita hivyo kwa kuwa alikuwa kitindamimba, tena kitindamimba wa kuchelewa. Wazazi wake walikuwa wameshagawa nepi na kitanda cha mtoto ndipo yeye akapiga hodi. Alichelewa kutembea, akachelewa kusema, na shuleni mwalimu wa zamu alizoea kumfungulia lango huku akitikisa kichwa. Kaka zake wawili waliondoka zamani, kila mmoja na maisha yake mbali. Kitinda alibaki na baba yake, fundi cherehani aliyestaafu kwa shingo upande, katika nyumba ya vyumba vitatu yenye baraza ya saruji. Mama alikuwa amefariki, na mvua mbili zilikuwa zimeshapita tangu wamzike.

Mama aliacha vitu vichache. Kanga zake waligawana shangazi. Sufuria zake zilibaki jikoni, na Kitinda alizitumia kila siku mpaka zikawa sufuria tu. Lakini kando ya baraza, ndani ya pipa la bati lililokatwa nusu, aliacha ua.

Lilikuwa ua la aina ile yenye mizizi minene kama viazi vitamu, hulala ardhini kiangazi chote, mvua zikinyesha likaamka na kutoa maua makubwa ya petali nyingi zilizopangana. Jirani walikuwa nayo pia, mekundu, ya njano. Ila la mama lilikuwa jekundu lenye milia myeupe, na hakuna ua lililofanana na jingine. Moja lingekuwa na mchirizi mmoja mpana, jingine limenyunyiziwa vidoa, jingine nusu nyeupe nusu nyekundu kama lililogombaniwa. Mama alikuwa na mchezo wake. Maua yakishachanua aliwaita watoto wake asubuhi, kabla ya shule, "Njooni mtafutwe!" Wao wakasimama wamejipanga na mabegi mgongoni, naye akaenda ua hadi ua, akiyainua kidevu kwa kidole. "Hili ni wewe, bwana mkubwa, limejaa makeke. Hili ni wewe wa pili, linajificha." Na mwisho kabisa, wakati Kitinda ameanza kuvimba kwa hofu ya kusahaulika, mama angeinama na kusema, "Na huyu hapa Kitinda wangu." Kitinda akauliza kila mwaka, "Umejuaje ni mimi?" Na mama akajibu kila mwaka, "Nimekuzaa, nitashindwaje kukujua?"

Mtu mzima, ana mshahara wake na funguo zake, na bado hicho ndicho alichokitamani kuliko chochote: asubuhi moja tu, mtu alitazame ua na kusema huyu hapa Kitinda wangu.

Baba naye alikuwa na lake. Tangu msiba, alihamishia kiti chake barazani, akakiweka kuelekea pipa. Mvua za kwanza bila mama, ua lilitoa majani yaliyokunjamana na matumba mawili yaliyokauka kabla ya kufunguka. Mvua za pili halikutoa tumba hata moja. Kitinda alipoufukua udongo alikuta mizizi mingi imeoza, imebaki mmoja wenye machipukizi yaliyodumaa.

"Linakufa," baba alisema. Hakuuliza.

"Linaumwa, baba."

"Mama yako naye mliniambia anaumwa." Kisha akajuta, akapapasa mfuko wa shati akitafuta miwani iliyokuwa puani. "Mwanangu, mimi sikuombi mengi. Nataka nilione likichanua tena, mara moja tu. Baada ya hapo mtanifanya mtakavyo."

"Nitalichanuza," Kitinda akasema, na papo hapo akajua amejifunga.

Mkuu wa maabara alikuwa mama mwembamba wa maneno machache, waliyemwita Bi Mkuu. Mimea ya nyumbani ilikuwa marufuku mle ndani. Kitinda alimweleza yote huku ameushika ule mzizi uliobaki ndani ya gazeti kama mtu aliyeleta samaki. Bi Mkuu aliyatazama majani yaliyokunjamana, akaguna.

"Virusi hivi. Vya siku nyingi."

"Ndiyo, Bi Mkuu. Ni la marehemu mama."

Bi Mkuu akafuta meza iliyokuwa safi tayari. "Rafu ya chini, pembeni. Na usikae karibu na viazi vyangu."

Jioni hiyo baba alitaka kuelezwa. Kwa nini wasikate shina wakalichomeka tu, kama watu wote? Kitinda akamfafanulia kwamba shina lingeondoka na ugonjwa wake wote. Ncha ndiyo safi, kwa sababu ndiyo inayorefusha mmea, iko mbele ya kila kitu. Mti ukinenepa, hiyo ni kazi ya utando mwembamba uliozunguka chini ya gome, si kazi ya ncha.

Baba akatafakari. "Kumbe mti huongezwa urefu juu na upana pembeni. Kama suruali."

"Haswa."

"Na nyasi? Mbona tunazikata ncha kila wiki na zinarudi?"

"Nyasi zina sehemu nyingine ya kukulia, baba. Chini, juu kidogo ya kila fundo. Zinaongezwa katikati."

"Suruali iongezwe katikati?" Baba akacheka, mara ya kwanza kwa muda mrefu. "Hiyo kazi ya fundi mbaya." Akacheka tena peke yake, kisha akatazama pipa, na kicheko kikamwisha.

Sasa sikiliza kosa alilofanya, maana ni kosa ambalo mkataji wa viazi hawezi kulifanya kwenye viazi.

Kitinda aliketi mbele ya darubini, akamenya vijani vya chipukizi la kwanza, ncha ikajitokeza inang'aa. Kisu kilikuwa mkononi. Alipaswa kukata pale pale chini ya lile tone, kipande kidogo kuliko punje ya chumvi. Lakini akawaza: hiki kikikauka je? Akashuka chini kidogo, akaacha vijani viwili vichanga viandamane na ncha, viipe nguvu. Chipukizi la pili hivyo hivyo. La tatu akashuka zaidi. Mkono haukutetemeka hata kidogo, na pengine hilo ndilo lililomdanganya.

Chupa zote zikaota. Lo! Hakuna iliyokauka, hakuna iliyooza. Vijimea vilinyanyuka ndani ya kioo, kijani kibichi, vizuri mpaka akina dada wa usafi walikuja kuvitazama. Kitinda alimpelekea baba picha kwenye simu, na baba akaanza kulifuta vumbi lile pipa.

Vilipotolewa chupani na kuzoezwa udongo, majani ya kwanza yakawa laini. Ya pili yakawa laini. Ya tatu yakakunjamana.

Bi Mkuu hakufoka. Alichuma jani, akalipima, akarudi. "Vyote," alisema. Kisha akavuta kiti. "Mwanangu, wewe umenikatia viazi miaka yote hii. Viazi unavikata hivi?"

"Hapana."

"Hivi umevikata kwa huruma. Hukutaka kupoteza hata kimoja, sasa umepoteza vyote. Kavichemshe."

Kanuni ilikuwa hiyo: kilicho na ugonjwa huingia kwenye sufuria kubwa la mvuke, chupa na vyote, kisije kikavuta vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza jani gonjwa na kwenda kuliambukiza zima. Kitinda akavichemsha. Vyote isipokuwa chupa moja, ambayo kijimea chake hakikuwa kimetolewa bado. Aliificha nyuma ya rafu ya chini. Hakuwa na mpango nayo. Alishindwa tu.

Kwenye mzizi wa mama yalikuwa yamebaki machipukizi mawili ya pembeni, madogo kama vichwa vya kiberiti. Kila moja lina ncha yake; mmea haupungukiwi ncha, hata ubavuni huficha nyingine. Lakini zaidi ya hayo mawili hapakuwa na kitu, maana mzizi wenyewe ulikuwa ukilainika kwa kuoza.

Alimwambia baba ukweli. Baba alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Nilikuwa na mteja alileta kitambaa cha harusi, kipande kimoja, hakuna kingine mjini. Nilikizunguka siku nzima na mkasi. Unajua nilifanyaje? Nilijiambia ni shuka la kulalia. Nikakata."

Kesho yake Kitinda aliacha mapigo yake mlangoni pamoja na viatu. Akamenya, akalifikia tone, akajiambia ni kiazi. Akakata juu kabisa, kipande kidogo hata alipokiinua kwa ncha ya sindano hakuwa na hakika kipo. Chipukizi la pili akalifanya vile vile. Halafu akatoka nje, akaketi kwenye ngazi za stoo, akashika tama kama mfiwa.

Ncha ya kwanza ikageuka kahawia ikafa. Ya pili ilikaa. Wiki zikapita, haifi wala haikui, imekaa tu kwenye jeli yake kama punje iliyodondoka bahati mbaya. Kitinda aliisalimia kila asubuhi na kuiaga kila jioni. Baba akiuliza, alijibu, "Ipo." Na siku moja ikawa na kitu cha kijani pembeni, kama ulimi wa mdudu. Ikawa jani. Likaja la pili. Bi Mkuu alipopima, alirudi na karatasi, na alikuwa karibu kutabasamu. "Safi," akasema, na akaenda zake kabla hajakumbatiwa.

Mvua zilipokuja, mmea ulikuwa ndani ya pipa la bati, udongo mpya, majani mapana yamenyooka kuliko walivyowahi kuyaona. Tumba la kwanza likavimba. Baba akawa halali mchana asije akapitwa.

Asubuhi lilipofunguka, Kitinda alichelewa, kama kawaida yake. Alipotoka barazani na mswaki mdomoni, baba alikuwa ameshakaa kitini, ameinama, ua liko mbele ya uso wake. Lilikuwa kubwa, limejaa, na lilikuwa jekundu. Jekundu tupu. Kitinda alilizunguka, akaligeuza kwa kidole, akatafuta hata doa moja. Hakuna.

"Baba," alisema. "Baba nisamehe. Nimechanganya chupa. Hili silo."

"Ndilo."

"Silo, baba. Halina milia."

"Ndilo hili." Baba alikuwa analia, analia waziwazi kama mtoto, na wakati huohuo anacheka. "Wewe huwezi kulijua. Hili ndilo nililompelekea. Nilimkuta binti wa watu amekaa kibarazani kwao, hana habari na mimi, nikamletea mzizi ndani ya mfuko wa vitambaa. Akaniuliza, hiki nikipike? Nikamwambia akipande. Likatoka hivi, mwanangu. Jekundu hivi hivi, halina hata doa. Akaliweka sikioni." Akalishika ua kwa viganja viwili. "Milia ilikuja baadaye, tumeshaoana. Nilikuwa nimesahau. Wallahi nilikuwa nimesahau kabisa."

Kitinda akaketi chini kwenye saruji. Kazini, Bi Mkuu alimalizia yaliyobaki. "Milia?" aliuliza. "Hukuniambia kuna milia."

"Sikujua kama ni dalili. Ndivyo lilivyokuwa."

"Virusi. Vikishika petali, rangi inashindwa kutokea hapo, panabaki peupe. Kila ua vinashika pengine, ndiyo maana hayafanani." Akamtazama. "Ungejua, ungekata?"

Kitinda akarudi kwenye kiti chake kirefu. Miaka yote alikunja uso juu ya darubini akiwinda dalili kwenye majani ya viazi, na dalili iliyomlea hakuiona. Huyu hapa Kitinda wangu: mama alikuwa akimwonyesha kovu la ugonjwa. Na alilitaka lile kovu. Baba alikuwa amempata mkewe, msichana wa kibarazani mwenye ua jekundu sikioni, ambaye Kitinda hakuwahi kuonana naye. Yeye alikuwa amempoteza mama yake mara ya pili, na safari hii kwa mkono wake mwenyewe.

Akakumbuka chupa ya nyuma ya rafu.

Ilikuwa hai bado. Kijimea kimejikunja ndani ya kioo, majani madogo ya njano, kinang'ang'ania. Angeweza kukipanda. Si lazima kwa baba. Hata nyuma ya jiko, kwenye ndoo. Kingeweza kumpa msimu mmoja, ua moja, mchirizi mmoja. Na vidukari wangefanya kazi yao, wangetoka nyuma ya jiko kwenda barazani, na mvua nyingine baba angekuta majani yamekunjamana. Kitinda aliishika chupa mpaka kioo kikapata joto la kiganja chake. "Mama," alisema, ndani ya barakoa, "sikuachi kwa kupenda." Akaiweka ndani ya sufuria la mvuke, akafunga kifuniko, akakaza vifungo vyote. Halafu alilia, na kwa kuwa alikuwa mbali na kabati la kukatia, alijiachia, akalia vya kutosha.

Ua likaendelea. Lilipata matumba mengi, mmea mzima haujui uchoyo, na siku chache baadaye yakachanua kwa pamoja, mekundu, yote sawa, kama sare za shule. Kitinda aliyapita asubuhi bila kuyatazama sana. Baba aliliona hilo. Fundi huona mshono ulioachia hata mtu akiwa anatembea.

"Njoo hapa," alimwita asubuhi moja, Kitinda akiwa na viatu vya kazi mkononi. "Simama hapo. Simama vizuri, mama yako alikuwa anawapanga."

"Baba, nimeshachelewa."

"Simama."

Akasimama, begi begani. Baba akajiinua kwa kushika ukingo wa pipa, akaanza kuyainua maua kidevu kwa kidole chake kilichojaa alama za sindano. "Huyu ni kaka yako mkubwa, amenenepa. Huyu ni wa pili, amegeukia ukutani." Alikuwa akibahatisha, na hakujua mchezo vizuri, na Kitinda alitaka kumwambia aache, kwamba yote yanafanana, kwamba hakuna namna.

Baba akainama chini kabisa, akasogeza jani. Palikuwa na tumba moja lililochelewa, la kijani, limefumba.

"Na huyu hapa Kitinda wangu."

"Hilo halijafunguka hata, baba. Umejuaje ni mimi?"

"Si ndiyo maana," baba akasema. Akalivuta lile jani pembeni ili tumba lipate jua, akasogeza kiti chake karibu, akaketi kulisubiri.